Kimbunga, fomu na uongo wangu

Haya wadau, nimerudi. Najua nimeadimika, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeozeshwa au nimerudishwa nyumbani. Hakuna lolote. Mitihani ilinikaba koo, ikaisha juzi, na tangu juzi nimelala tu kama chatu aliyemeza mbuzi. Leo nimeamka kwa sababu moja: fomu imekuja tena.

Kwa wageni wa hapa, mimi nasoma New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Mji wenyewe umekaa kama bakuli, karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari, na pembeni kuna matuta na kuta za kuzuia maji. Msimu wa vimbunga huku unaanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Kwa hiyo kabla ya Juni chuo kinatutumia fomu. Inauliza: kimbunga kikija na mkiambiwa muondoke, wewe utaondoka na nani, kwa usafiri gani, utafikia wapi? Unajaza, unabofya, unaendelea na maisha yako.

Mwaka 2024 nilijaza kwamba nitaondoka na rafiki yangu Mkenya. Mkenya akajaza kwamba ataondoka na Mganda. Mganda naye, mtoto wa watu, akajaza kwamba ataondoka na mimi. Gari hakuna mwenye nalo! Na hatukujua mpaka Septemba, kimbunga Francine kilipokuwa njiani, tumekaa jikoni usiku tunaulizana "kwani si wewe ndiye uliyesema...?" Tulicheka mpaka machozi. Halafu tukanyamaza wote. Maana kwenye komputa ya chuo sisi watatu tulikuwa tumeshahama vizuri kabisa, tuna usafiri, tuna pa kufikia, tumekamilika.

Francine ilitua tarehe 11 Septemba ikiwa daraja la 2. Mji mzima haukuamriwa kuhama, tukajifungia ndani na mikate na tochi, mitaa ikajaa maji, asubuhi tukatoka kuchungulia. Bahati tu. Ingekuwa daraja la 4 sijui leo ningekuwa naandika nini.

Tangu siku ile nina hoja imenikaa kooni, na leo naitema. Mipango ya kuhamisha watu kabla ya kimbunga haifeli kwa kukosa mabasi tu. Inafeli kwa sababu hakuna mtu ameenda mlango kwa mlango kuuliza nani anaweza kuondoka na nani hawezi. Na hiyo kazi ya kuuliza haitafanywa na rais wala gavana. Ni kazi ya kujitolea, ya watu wenye miguu na muda, yaani sisi. Na inafanywa sasa hivi wakati jua linawaka, sio siku ambayo upepo umeshaanza kupiga mluzi.

Tuanze na Katrina, maana huku huwezi kuongea lolote bila Katrina. Agosti 2005. Watu wengi nyumbani tunaikumbuka kwa zile picha za watu juu ya mapaa na wale waliojazana ndani ya uwanja wa Superdome, zaidi ya 20,000. Kitu ambacho hatukuambiwa sana ni kwamba kuhama kwenyewe, kwa wenye magari, kulikwenda vizuri. Njia za barabara kuu ziligeuzwa zote zikawa za kutokea mjini, na zaidi ya watu milioni 1 wa eneo lile wakatoka. Kimahesabu ni ushindi mkubwa. Lakini sensa ya mwaka 2000 ilikuwa imeshaonyesha kwamba zaidi ya robo ya kaya za New Orleans hazina gari. Amri ya lazima ya kuondoka ilitoka Jumapili asubuhi tarehe 28, kimbunga kikatua Jumatatu asubuhi. Watu wapatao 100,000 walikuwa bado wamo mjini. Kuta za mifereji zikapasuka, asilimia 80 ya mji ikazama, na yale mabasi ya shule ambayo yangeweza kubeba watu yakapigwa picha yamezama kwenye maegesho yake, yamejipanga kwa mstari.

Waliokufa walikuwa kina nani? Kwa Louisiana, karibu nusu walikuwa wazee wa miaka 75 na kuendelea. Soma hiyo mara mbili. Huyu ni mzee ambaye hata ukimtangazia kwa redio mara mia, hana ufunguo wa gari, goti haliruhusu, na dawa yake inatakiwa iwe kwenye friji.

Sasa msifikiri watu hawakujua. Mwaka mmoja kabla, Julai 2004, wakuu walikaa Baton Rouge siku kadhaa wakafanya zoezi la kimbunga cha kubuni walichokipa jina Pam, na kwenye hilo zoezi mji ulizama na watu wengi walikuwa hawajaondoka. Na kulikuwa na mpango mmoja ambao mimi naupenda kuliko yote, uliitwa Operation Brother's Keeper. Shirika la Msalaba Mwekundu pamoja na makanisa ya mji walitaka kila kanisa liwaorodheshe waumini wenye gari na wasio na gari, halafu wawaunganishe. Mama fulani atapanda na familia fulani, kwisha. Mpango ulikuwa bado mchanga, kwenye makanisa machache tu, Katrina ikaja. Yaani dawa ilikuwa inachemshwa jikoni, mgonjwa akafa sebuleni.

Wapo watakaosema basi tuwaondoe wote mapema, kila mtu aende. Nao nawapeleka Houston, Texas. Wiki chache tu baada ya Katrina, Septemba 2005, kimbunga Rita kikaelekea huko. Watu wana picha za New Orleans kichwani, wakaondoka wote, hata wasiotakiwa, zaidi ya milioni 2. Foleni ya maili mia, jua la kufa mtu, mafuta yameisha, magari yamezimika. Karibu na Dallas basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kuwatunzia likashika moto, wazee 23 wakafa, na mitungi yao ya oksijeni ndani. Ukihesabu vifo vilivyotokana na Rita, vingi ni vya safari ya kuikimbia. Wenyeji wa pwani hii wana msemo wao, kwamba maji unayakimbia, upepo unajificha. Yaani anayetakiwa kuhama ni yule ambaye maji yatamfikia. Lakini nani anajua maji yatafika kwa nani, na huyo mtu ana hali gani? Turudi pale pale, kwenye mlango.

Nisiwe mchoyo wa sifa, baada ya hapo mji ulijifunza. Mwaka 2008 kilipokuja Gustav, karibu watu milioni 2 waliondoka kusini mwa Louisiana, na maelfu wasio na magari walitolewa New Orleans kwa mabasi na treni za bure. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kikundi cha watu wa kujitolea, wakajiita Evacuteer, kazi yao kusaidia hiyo safari ya mabasi. Na mwaka 2013 wakasimamishiwa sanamu 17 za chuma mjini, ndefu kama futi 14, mtu amenyoosha mkono juu kama anasimamisha daladala. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni sanaa tu, nikapiga nayo picha nimenyoosha mkono na mimi (ile picha wengi mliicheka). Kumbe pale ndipo kituo. Amri ya kuhama ikitoka, unaenda kusimama chini ya yule mtu wa chuma na begi lako, basi linakuja.

Mwezi uliopita nilienda mafunzo ya hao wa kujitolea. Nilitegemea mambo ya kishujaa, kamba, maboya, boti. Wapi! Saa tatu nzima tunafundishwa kuandika majina. Familia inafika, unaiandika wote pamoja ili isipotezane, unawavisha kamba za mkononi zenye namba, unafunga namba kwenye mabegi, unauliza dawa, unauliza mbwa. Ndiyo, mbwa. Mwenzenu nilitaka kucheka, lakini mwalimu akatueleza kwamba wakati wa Katrina watu walibaki na wakafa kwa sababu walikatazwa kuondoka na wanyama wao, na mwaka 2006 Marekani ikatunga sheria kabisa kwamba mipango ya kuhamisha watu lazima ifikirie na wanyama. Utacheka mbwa wa mwenzio, lakini mzee anayeishi peke yake na huyo mbwa ndiye mtu wake.

Sasa hapa ndipo penye utamu na uchungu. Ule mpango mzuri wa sanamu na mabasi unahitaji muda. Kugeuza barabara na kupanga mabasi kunataka kama saa 72. Mwaka 2021 kimbunga Ida kilikuwa mtoto mchanga tarehe 26 Agosti, na tarehe 29 kikatua Port Fourchon kikiwa daraja la 4, miaka 16 kamili tangu Katrina, tarehe ile ile. Meya wakati ule, LaToya Cantrell, akasema muda hautoshi kuamuru waliomo ndani ya matuta wahame. Na kweli haukutosha, sina ugomvi naye kwa hilo. Zile sanamu zikabaki zimenyoosha mikono, hakuna basi.

Matuta yalishika safari hii, mji haukuzama. Ila njia zote nane za umeme mkubwa unaoingia New Orleans zilikatika. Agosti, Louisiana, hakuna feni, hakuna friji, hakuna lifti. Wenye magari wakaondoka hata baada ya upepo. Kwenye majengo ya ghorofa wanakoishi wazee, kuna waliokutwa wamekufa siku kadhaa baadaye. Ndani ya mji huu joto liliua watu wengi kuliko upepo na maji. Hawa hawakuhitaji boti wala helikopta, wadau. Walihitaji mtu apande ngazi, agonge, aseme "Bibi, umekunywa maji leo?"

Kuna mama mmoja anafanya kazi kantini ya chuo. Mimi namwita Mama, yeye ananiita bebi, kama wanavyomwita kila mtu huku hata polisi. Anakuja kazini kwa basi, mabasi mawili. Siku nyingine nikichelewa kula ananiwekea kuku pembeni. Wakati wa Francine nilimwuliza, Mama utaenda wapi? Akaniambia haendi popote, dada yake anapumulia mashine nyumbani, na mwaka 2005 walipandishwa ndege bila kuambiwa inaelekea wapi, wakashukia mji hawajawahi kuusikia, wakakaa miezi wanamtafuta mjomba wao. Kwa hiyo akisikia habari za basi lisilosema linakwenda wapi, yeye anafunga mlango. Nikamwuliza kama kuna mtu amewahi kuja kuwauliza habari ya ile mashine, ikizimika umeme itakuwaje. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. Hajawahi kuja mtu.

Nimekaa naye muda wote huu nakula kuku wake, na mimi pia sikuwahi kuuliza.

Nyumbani Tanzania tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Vijana wenzangu wa mjini mtasema huo ni mfumo wa chama, enzi za TANU, na balozi naye alikuwa na mambo yake, umbea, kujua nani kalala kwa nani. Nakubali, nimekulia jirani na balozi, najua. Lakini balozi wetu alijua nani mgonjwa, nani mjamzito, nani mlevi atakayekuwa hajitambui, nani ana baiskeli ya kuazima. Cuba wana kitu kama hicho na zaidi, kila mtaa unajua nani anahama na anahamia kwa nani, na wengi hawaendi kambini, wanafikia kwa ndugu na majirani wenye nyumba imara. Mwaka 2004 kimbunga Ivan kilipopita kwao walihamisha watu karibu milioni 2, na hawakufa watu. Siasa zao siziweki hapa, tutagombana bure. Nasema tu kwamba kujua jirani yako anaitwa nani hakuhitaji chama.

Na kabla hamjasema hayo ni mambo ya Wamarekani, kumbukeni Mei 2024, Hidaya ilipotua Mafia, boti za Unguja zikasimamishwa, na ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wakakesha. Mama yangu alinipigia kuniuliza "mwanangu, huko kwenu si ndiko kwa vimbunga, tufanye nini?" Mtaalamu mzima nilijibu nini? Nilimwambia achaji simu. Aibu.

Nimelijadili hili na yule Mkenya mpaka saa nane usiku. Yeye ana hoja zake, na si za kupuuza. Anasema tukijitolea kugonga milango tunaisaidia serikali kukwepa kazi yake, ile pesa ya kodi inakwenda wapi? Anasema pia sisi wageni na lafudhi zetu tukigonga mlango wa mtu huku tunaweza kufukuzwa au kufanyiwa kibaya zaidi. Na nani ametupa ruhusa ya kuandika magonjwa ya watu kwenye daftari?

Hiyo ya daftari imenikaa. Orodha ya watu dhaifu wanaoishi peke yao ikiangukia mikononi mwa mwizi ni zawadi. Kwa hiyo mimi naona orodha isikae kwetu hata kidogo. Ikae mtaani, kwa mtu wanayemwamini wao, mchungaji, kinyozi, yule bibi anayekaa barazani mchana kutwa. Sisi ni miguu tu. Na tusigonge wenyewe, tugonge tukiwa nyuma ya mwenyeji. Kuhusu serikali kukwepa, sawa, tuipigie kelele, mimi mwenyewe nitabeba bango. Lakini Ida ilichukua siku tatu. Kelele zangu za kodi zingemfikia meya siku ya ngapi?

Ambacho sikubaliani naye kabisa ni pale anaposema tusubiri, kikipita tutakwenda kusaidia. Huo ndio ugonjwa wetu wanafunzi. Baada ya kimbunga kila mtu anajitolea! Fulana zinachapishwa, picha zinapigwa, nguo kuukuu zinajaa ukumbini hadi hazina pa kuwekwa. Wale wavuvi wa Louisiana waliokwenda na boti zao kuokoa watu wakati wa Katrina, na tena Houston mwaka 2017 kwenye mafuriko ya Harvey, mimi nawavulia kofia, wale ni wanaume na wanawake kweli. Lakini mtu aliyeokolewa juu ya paa ni mtu ambaye siku mbili kabla alikuwa mlangoni kwake, mkavu, na angeweza kupanda gari la jirani kama jirani angejua. Kugonga mlango wa mtu mkavu hakuna picha nzuri, ndiyo maana hatuendi.

Basi, Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunakutana nje ya kantini. Mama amekubali kututembeza mtaa wake mmoja tu, nyumba kama thelathini hivi, na kanisa lake limetoa daftari na litabaki nalo. Maswali ni mawili: una namna ya kuondoka? Na ukibaki, nani atakuja kukuangalia? Mpaka sasa tuko sita. Mganda yumo. Mkenya amesema atakuja kubeba maji tu, kuongea hataongei, haya tutaona. Mlioko Houston na Tampa, nyie mna kantini zenu na kina mama wenu, sina la kuwafundisha. Na wale wa nyumbani mliopo karibu na Mafia au Kilwa likizo hii, naomba mniandikie kama mtaani kwenu bado kuna balozi na kama anajua nyumba ipi ina mtu wa kubebwa.

Fomu ya chuo bado iko wazi hapa mbele yangu, mwisho wa kujaza ni Ijumaa. Pa kufikia nimejaza, dada yake Mkenya yuko Baton Rouge na safari hii nimemwuliza mwenyewe kwa simu, amecheka sana, amekubali. Kipengele cha usafiri ndiyo bado. Shemeji ana gari dogo la viti vitano, sisi watatu, na Mama na dada yake, na ile mashine. Dereva hatujamhesabu. Ngoja nimpigie tena.